Shahada yako ni ya "pasi"? Mlango wa MBA haujafungwa

Je, ndugu msomaji, una shahada uliyoificha sandukuni kwa sababu ya neno moja tu lililoandikwa juu yake?

Hapa mpakani Busia na Malaba neno "pasi" lina maana mbili. Ya kwanza ni kile kitabu ambacho afisa wa uhamiaji hukigonga muhuri unapovuka kwenda Uganda. Ya pili ni lile daraja la mwisho kabisa la shahada ya chuo kikuu, ambalo huwafanya wengi wainamishe macho wanapoulizwa walihitimu vipi. Pasi ya kwanza humfungulia mtu njia. Hiyo ya pili, wengi huamini, humfungia njia maisha yake yote.

Utawakuta wenye shahada za namna hiyo katika ofisi ndogo ndogo za mawakala wa forodha kando ya barabara kuu, wakishughulikia hati za mizigo. Wengine wananunua mahindi na maharagwe kwa jumla, wengine wanabadilisha shilingi za Kenya na za Uganda. Wanaijua biashara ndani nje. Lakini waulize kwa nini hawaendi kusomea shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ijulikanayo kila mahali kama MBA, nao watakujibu kwa sauti ya chini: "Alama zangu haziruhusu."

Je, ni kweli haziruhusu? Ukweli ni kwamba alama duni huifanya safari iwe ndefu zaidi, lakini haziikatishi. Kinachowakatisha wengi ni kwamba hawajui chuo kinataka kuona nini badala ya alama hizo, na hata wakijua, huwa hawana karatasi ya kukionyesha.

Kanuni zinasemaje?

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, wastani wa alama 70 na zaidi ni daraja la kwanza. Kuanzia 60 hadi 69 ni daraja la pili, ngazi ya juu. Kuanzia 50 hadi 59 ni daraja la pili, ngazi ya chini. Aliye kati ya 40 na 49 ndiye mwenye pasi.

Kwa kawaida, mwenye daraja la kwanza au la pili ngazi ya juu hupokewa katika masomo ya uzamili bila maswali mengi. Mwenye daraja la pili ngazi ya chini aghalabu huulizwa uzoefu wa kazi, na miaka miwili ndiyo itajwayo mara nyingi. Mwenye pasi huulizwa makubwa zaidi: miaka mingi zaidi ya kazi, au stashahada ya uzamili, au cheti cha kitaaluma kama vile CPA. Kila chuo kina masharti yake, kwa hivyo usitegemee maneno ya rafiki. Tafuta tangazo la chuo chenyewe, ulisome hadi mwisho, hasa pale kwenye maneno "au" na "ama". Pale kwenye "au" ndipo mlango wako ulipo.

Ng'ambo ya pili, nchini Uganda, mambo yanafanana na hayo. Makerere humtaka mwenye pasi aonyeshe kwamba amekua kimasomo tangu ahitimu, kwa mfano kwa kusomea stashahada ya uzamili.

Hapa tahadhari moja ni muhimu kwa sisi watu wa mpakani, ambao katika familia moja kaka amesomea Kampala na dada amesomea Nairobi. Makerere huhesabu wastani juu ya 5, hali vyuo vinavyofuata utaratibu wa Kimarekani huhesabu juu ya 4. Mtu mwenye 3.0 ya Makerere ana daraja la pili ngazi ya chini, kwa kuwa ngazi ya juu huanzia 3.6. Lakini 3.0 katika utaratibu wa Kimarekani ni wastani wa B. Kwa hivyo usijigeuzie alama mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Ziandike jinsi zilivyo, utaje ni juu ya ngapi, ukiache chuo kizigeuze.

Alama zilianguka kwa nini?

Kabla ya kujaza fomu yoyote, keti mahali palipotulia ukiwa na ile hati ya matokeo ya mwaka hadi mwaka, yaani transkripti. Kama hujawahi kuichukua kwa sababu una salio la karo, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, kwani bila transkripti hakuna chuo kitakachokusikiliza.

Ukiisha kuipata, jiulize kwa ukweli: nilianguka wapi, na kwa nini?

Wako walioangushwa na nyakati. Msomaji aliyekuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982 atakumbuka jinsi chuo kilivyofungwa kwa zaidi ya mwaka mzima baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1. Walioingia vyuoni mwaka 1990 watakumbuka jinsi kundi la mwisho la kidato cha sita lilivyoingia pamoja na kundi la kwanza la 8-4-4, vitanda na vitabu visitoshe. Wako pia walioangushwa na umaskini au msiba: baba alifariki, karo ikakatika, muhula ukapita mwanafunzi akiwa nyumbani. Wengine walitumwa na wazazi kusomea fani ambayo mioyo yao haikuwamo. Na wengine, tuseme kweli, walicheza.

Kila sababu ina dawa yake. Aliyeangushwa na shida amtafutie msomaji wa fomu ushahidi kwamba shida ile imekwisha. Aliyesomea fani isiyomfaa aonyeshe kwamba katika fani ya biashara anafanya vizuri. Aliyecheza aonyeshe kwamba ameacha mchezo, na ushahidi wa hayo ni miaka ya kazi ya kutegemewa. Lakini kama uliangushwa na hesabu yenyewe, usiidharau ishara hiyo. MBA ina takwimu, ina uhasibu, ina masomo ya fedha. Ukiingia bila kuziba ufa huo, utaanguka tena, na safari hii kwa pesa zako mwenyewe.

Itazame pia transkripti kwa mpangilio wa miaka. Tuchukue mfano wa kubuni tu. Mwanafunzi alipata wastani wa 41 mwaka wa kwanza, 44 wa pili, 50 wa tatu na 57 wa nne. Wastani wake ni 48, nayo ni pasi. Lakini mtu anayeanza na 41 na kumaliza na 57 si sawa na yule aliyeanza na 57 akamaliza na 41, japo shahada zao zina neno lile lile. Kama alama zako zilikuwa zikipanda, liseme jambo hilo waziwazi, maana msomaji wa fomu mia tatu huenda asilione.

Mpaka umekufundisha, lakini umeandika?

Watu wa hapa wana utajiri ambao wanafunzi wengi wa mijini hawana, nao ni kuiona biashara ikibadilika mbele ya macho yao. Hata neno bodaboda, linalotumika leo Afrika Mashariki nzima, lilizaliwa hapa na baiskeli zilizokuwa zikivusha watu kutoka mpaka hadi mpaka.

Fikiria mambo yaliyopita tangu 2014. Mwaka huo ulianza utaratibu wa eneo moja la forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ushuru wa mizigo ya Uganda ukawa unalipwa kabla mizigo haijatoka bandarini Mombasa, na kazi nyingi za mawakala wa Malaba zikabadilika au zikatoweka. Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja badala ya mara mbili. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, madereva walisubiri majibu ya vipimo na foleni ya malori Malaba ikanyooka kwa makumi ya kilomita. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu, kabla ya kuruhusu tena kwa masharti.

Ikiwa ulikuwa hapa ukifanya kazi katika siku hizo, ulifanya nini? Ulipunguza gharama vipi? Ulimwambia nini mteja ambaye mzigo wake ulikwama wiki mbili? Mama aliyekuwa akiuza mahindi, akahamia maharagwe au mtama kwa mwezi mmoja na duka lake lisifungwe, amefanya uamuzi ambao walimu wa biashara huutungia mitihani.

Shida ni kwamba mambo ya mpakani huendeshwa kwa mdomo. Mtu hufanya kazi miaka sita kwa wakala bila barua ya kuajiriwa. Mshahara hulipwa mkononi. Bidhaa hununuliwa kwa kuaminiana. Chuo nacho hakina njia ya kukiona kile kisichoandikwa.

Basi anza leo kukusanya. Mwombe mwajiri wako barua yenye tarehe uliyoanza kazi, cheo chako na kazi unazofanya, akitaja ikiwezekana ni shehena ngapi ulizosimamia kwa mwezi na ni watu wangapi walio chini yako. Kama una biashara yako, weka leseni ya kaunti ya kila mwaka, taarifa za benki au za M-Pesa, nambari ya PIN na risiti za kodi. Wafanyabiashara wadogo wanaotumia cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, wasivitupe vyeti hivyo baada ya kuvuka. Ni ushahidi kwamba mtu alikuwa akifanya biashara ya nchi mbili kihalali. Tia yote katika faili moja.

Ngazi za kupandia

Baada ya kazi huja masomo ya kukupandisha. Alama za zamani haziwezi kufutwa, lakini zinaweza kufuatiwa na mpya.

Ngazi ya kwanza ni mitihani ya kitaaluma. KASNEB, bodi iliyoanzishwa mwaka 1969, husimamia mtihani wa uhasibu wa CPA, na mtu anaweza kuusomea jioni huku akiendelea na kazi. Kwa aliyeangushwa na hesabu, hakuna jibu bora kuliko hili, kwani linaziba ufa na kutoa ushahidi kwa wakati mmoja.

Ngazi ya pili ni stashahada ya uzamili. Kwa watu wa forodha, Chuo cha Usimamizi wa Mapato cha Kenya, KESRA, ambacho ni cha Mamlaka ya Mapato KRA, kimekuwa kikifundisha stashahada za uzamili za usimamizi wa forodha na wa kodi. Kwa aliye mwanzoni zaidi, kuna cheti cha Afrika Mashariki cha uwakala wa forodha, kitambulikanacho kwa herufi EACFFPC. Hicho si cha uzamili, lakini huonyesha kwamba kazi yako una elimu nayo, si mazoea tu.

Ngazi ya tatu ni mtihani wa GMAT, unaotumiwa na vyuo vingi vya biashara duniani. Mtihani wa sasa huchukua saa mbili na robo, una sehemu tatu za dakika 45 kila moja: hesabu, lugha, na ufasiri wa takwimu. Alama zake ni kati ya 205 na 805, na hudumu miaka mitano. Si kila chuo cha Kenya kinauhitaji. Lakini kwa mwenye shahada duni anayelenga ng'ambo, alama nzuri ya GMAT husema, "Nilivyokuwa chuoni sivyo nilivyo sasa." Usiukurupukie. Watu hujitayarisha kwa miezi, si kwa wikendi mbili.

Usijaribu kuzipanda ngazi zote tatu kwa pamoja. Chagua ile inayojibu udhaifu wako.

Kujieleza bila kulialia

Vyuo vingi hukutaka uandike barua ya kueleza nia yako. Makosa ni mawili. Wengine huzinyamazia alama zao kama kwamba msomaji hataziona. Wengine huandika kurasa tatu za kumlaumu mhadhiri, serikali na mjomba aliyekataa kulipa karo.

Njia ya katikati ni aya moja fupi. Unaweza kuandika hivi: "Nilihitimu kwa pasi. Katika mwaka wangu wa pili nilikosa karo na nikafanya kazi usiku, na masomo yangu yakaumia. Tangu hapo nimefanya kazi ya forodha kwa miaka saba, nikapandishwa cheo mara mbili, na nimefaulu mtihani wa CPA ngazi ya kati. Naamini haya ndiyo yanayoonyesha uwezo wangu wa sasa." Basi, imetosha. Kisha endelea na mambo ya mbele: ni tatizo gani la biashara ya hapa unalotaka kulitatua, na masomo hayo yatakusaidia vipi.

Kuhusu watu wa kukuandikia barua za kukupendekeza, usikimbilie mheshimiwa mbunge wala askofu. Jina kubwa lisilokujua halisaidii. Afadhali msimamizi wako wa kazi anayeweza kusema jinsi ulivyoigundua hesabu iliyokosewa ikaokoa pesa za mteja. Mpe nakala ya transkripti yako, mweleze unaomba nini, na umpe muda wa kutosha.

Jihadhari na njia za mkato

Hapa mpakani kila kitu kina dalali wake, na hata vyeti vina madalali wao. Atakuja mtu akunong'onezee kwamba "pasi" hiyo yaweza kugeuzwa kuwa daraja la pili kwa siku tatu. Mkimbie.

Mnamo Februari 2024, Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi katika taasisi za serikali ulikuwa umegundua vyeti 2,067 vya kughushi. Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi imekuwa ikiwapeleka wenye vyeti kama hivyo mahakamani, na kuwadai warudishe mishahara waliyokwisha kula. Mwenye pasi halali ana shahada. Mwenye daraja la kwanza la kughushi hana kitu, na hata kile alichokuwa nacho atanyang'anywa.

Hakikisha pia kwamba chuo chenyewe ni halali. Kenya vyuo vikuu huidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, na Uganda na Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, NCHE. Uliza kabla ya kulipa hata ada ya fomu.

Pa kuomba si mbali

Huna lazima ya kuhamia Nairobi. Chuo Kikuu cha Alupe, kilichopata hati yake mwaka 2022, kiko papa hapa katika Kaunti ya Busia. Kibabii kiko Bungoma, Masinde Muliro kiko Kakamega, na Maseno kiko kwenye barabara ya kwenda Kisumu. Upande wa pili kuna Shule ya Biashara ya Makerere, MUBS, iliyoundwa mwaka 1997 huko Nakawa, Kampala. Anayetafuta mafunzo ya mameneja walio kazini anaweza kuuliza Shule ya Biashara ya Strathmore ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2005, au ESAMI yenye makao Arusha. Andikia vyuo vitatu au vinne, uulize swali moja la wazi: "Nina shahada ya daraja hili, na miaka hii ya kazi. Nikiomba MBA mtahitaji nini zaidi?" Ukijibiwa kwa maandishi, hifadhi jibu hilo.

Zungumza nyumbani kwanza

La mwisho linahusu jamii yote, si mwanafunzi peke yake. MBA hula pesa, hula Jumamosi, na hula jioni ambazo watoto walizoea kukaa nawe. Mke asishtukie akiba ya karo ya watoto imekwenda chuoni, wala mume asijue habari za mkewe kutoka kwa jirani. Ketini pamoja mkapige hesabu: ada ya miaka miwili, nauli, vitabu, na biashara itasimamiwa na nani. Kama hesabu haikubali mwaka huu, anza na ile ngazi ya chini ya CPA au cheti, ambayo ni nafuu, nayo MBA itakungoja.

Nanyi wazazi, msimkumbushe mtoto kila mlapo ugali kwamba jirani alipata daraja la kwanza. Anajua. Linalomfaa ni kuulizwa, "Sasa tunafanya nini?" na kusaidiwa kulijibu.

Itoe basi ile shahada sandukuni, uiweke mezani na transkripti yake, na kando yake uweke barua ya mwajiri, leseni, na vyeti ulivyopata tangu ulipohitimu. Kama meza bado ina nafasi tupu, umeshajua mwaka huu utafanya kazi gani.